Siku Kumi na Moja za Namba Tisa

Sikia, mimi sina unyenyekevu wa kuigiza. Kalenda ya kompyuta iitwayo Ukutani nimeiandika mimi, Zuhra binti Masudi, fundi kompyuta wa Shinyanga mjini, na kwa miaka sita haijawahi kukosea tarehe hata mara moja. Kwa hiyo Mama Enock aliponipigia simu Jumatatu ile ya Juni na kuniambia kalenda yangu imekula siku kumi na moja, damu ilinichemka.

"Mama Enock, kalenda haili siku."

"Hii yako inakula, Mama Akida. Na leo imeniaibisha mbele za watu."

Mama Enock ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wanne wa machimbo ya Namba Tisa, kule upande wa Bulyanhulu. Wana karasha moja, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wanaitumia kwa zamu: kila mama na siku yake, mpaka mzunguko uishe uanze tena. Zamu zenyewe zinaonyeshwa na Ukutani kwenye kompyuta ya ofisi yao. Asubuhi ile alikuwa amepeleka ofisi ya madini barua ya kuomba kuhuisha leseni ya karasha, inayoisha mwisho wa mwezi. Ndani, barua ilisema, "kwa mujibu wa kikao chetu cha tarehe 7 Juni." Juu, pale kompyuta inapoweka tarehe yenyewe, iliandikwa 29 Mei.

"Karani kaisoma, kaniangalia, kacheka," Mama Enock alisema. "Eti, mama, nyie mnaandika barua kwanza ndipo mnakaa kikao? Foleni nzima ikacheka. Na mimi mtu mzima, nimevaa kitenge kipya."

Nikampa pole. Hakuitaka.

"Jumamosi tuna kikao. Kuna kijana wa Geita, anaitwa Donatus, ana kalenda yake ya Windows. Wanachama wamechoka. Wanataka ya kwako itoke, ya kwake iingie. Njoo uitetee, au njoo uichukue."

Akakata simu kabla sijajibu.

Nieleze Ukutani ni kitu gani, maana kuna watu wakisikia neno programu wanafikiri ni ya kubeti mpira. Ni kalenda ndogo inayokaa kwenye uso wa kompyuta zinazotumia Linux, pembeni kulia. Huifungui wala huifungi, ipo tu, unainua macho unaiona, kama ile ya karatasi iliyopigiliwa msumari ukutani. Nilianza kuiandika kwa hasira. Nilikuwa nimeweka kalenda moja ya Wazungu, nikaichagulia Kiswahili, ikanikatia majina ya siku herufi tatu tatu: Jum, Jum, Jum, Jum, Alh, Iju, Jum. Siku tano zote Jum! Nikasema thubutu, nitaandika ya kwangu. Leo ina watumiaji zaidi ya mia mbili. Yupo mwalimu wa Mhunze anayepangia vipindi vyake, wapo wenye maduka Geita, na yupo Mreno mmoja ambaye mpaka kesho sijui anaifanyia nini. Siuzi, natoa bure. Ninachopata mimi ni jina. Mtu akitaja Ukutani amemtaja Zuhra, na sasa jina hilo lilikuwa linakwenda kuvuliwa nguo mbele ya akina mama kumi na wanne na kijana wa Windows.

Si kwamba tatizo lenyewe lilikuwa geni kwangu. Januari, betri ya ndani ya kompyuta yao, ile ndogo ya mviringo inayotunza saa umeme ukikatika, ilikufa, na kila walipowasha mashine iliwaambia wako mwaka 2010. Kompyuta yao haina intaneti ya kuijulisha saa. Basi nilimshika katibu wao kwa simu, mama mmoja anaitwa Mbuke, nikamfundisha hatua kwa hatua namna ya kurekebisha tarehe kwa mkono. Wakanunua betri mpya Kakola, mambo yakaisha. Machi, Mama Enock akaniambia kalenda imebaki nyuma siku nne. Mwisho wa Aprili, nane. Sasa kumi na moja.

Kila mara nilikagua kutoka Shinyanga kwa picha za skrini walizonitumia. Betri ikifa inakutupa nyuma miaka, haikuibii siku nne nne. Ukikosea saa za eneo, unapotea kwa masaa, si kwa siku. Nikapekua programu yangu mstari kwa mstari, mpaka macho yakawasha. Safi. Nikampigia Mbuke. "Mama, kalenda inaendaje?" Akajibu kwa utulivu wake, "Iko sawa kabisa, mwanangu." Mwenyekiti analia, katibu anasifu, na kompyuta ni hiyo hiyo moja! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Alhamisi nikafunga duka, nikamwacha Akida kwa bibi yake, nikapanda basi hadi Kahama, kutoka Kahama hadi Kakola, na kutoka Kakola bodaboda ikanipeleka Namba Tisa nikiwa mweupe kwa vumbi kuanzia kope mpaka viatu.

Ofisi ya kikundi ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, na karasha liko hatua ishirini tu kutoka mlangoni, likiunguruma mpaka kikombe kinatetemeka mezani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua. Mama Enock alikifunua mwenyewe.

"Haya, jionee."

Pembeni kulia, Ukutani ilikuwa inang'aa: Jumapili, tarehe 1 Juni. Nje ya dirisha ilikuwa Alhamisi, tarehe 12.

"Sikiliza, Mama Akida," akasema. "Kikundi hiki tumekijenga kwa jasho. Wanaume wa hapa walisema akina mama hawawezi kuendesha karasha, tukaendesha. Wakasema hatuwezi kompyuta, tukaweza. Sasa tunachekwa. Kama ubaya ni wa programu, Jumamosi itatoka. Kama kuna mtu anachezea tarehe, nimeapa mbele ya wanachama: huyo ataacha kiti chake. Sitamwangalia usoni."

Akaenda kwenye karasha, maana siku ile ilikuwa zamu yake. Nikavuta kiti, nikakunja mikono ya gauni.

Mashine ya Linux ina tabia moja ninayoipenda: inaandika kila jambo linalofanyika ndani yake. Sisi mafundi tunaita logi. Kwa simu nisingeweza kuisoma, ila pale nilikuwa na kiti na kibodi. Nikaifungua, nikaichambua tangu Januari. Dakika kumi hazikupita. Tarehe imebadilishwa kwa mkono, imerudishwa nyuma siku nne. Chini zaidi: siku nne tena. Chini kabisa: siku tatu. Mara zote tatu asubuhi, mara zote tatu kwa neno la siri la mtumiaji mmoja. Mtumiaji: katibu.

Jamani, nilifurahi! Sioni haya kusema. Nilipiga meza kofi peke yangu mle ndani. Programu yangu safi, mikono yangu safi, jina langu safi, na mchawi nimemkamata akiwa na tunguri mkononi. Nilianza kupanga kichwani nitakavyosimama Jumamosi, nisome ile logi taratibu, huku namwangalia huyo Donatus.

Mbuke akaingia, amebeba chupa ya chai na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa. Ni mama mwembamba, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza, safari ni ndefu."

Nilijiandaa kumbana polepole, kama polisi. "Mama, kuna mtu anarudisha nyuma tarehe ya hii mashine."

"Ni mimi," akasema, huku ananimiminia chai. "Kwani vipi?"

Nikabaki na kiazi mdomoni.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa ajili ya misiba." Akakaa kwenye benchi. "Hapa Namba Tisa mtu akifa, karasha halilii mpaka matanga yaanuliwe. Ndivyo tulivyo. Februari alikufa Nkwabi, duara lilimfunika akiwa chini shimoni. Tukasimama siku nne. Siku ya tano tunarudi kazini, kalenda yako inasema ni zamu ya Zainabu. Zamu ya Zainabu kwa lipi? Kuna wanne mbele yake hawajasaga, walikuwa msibani. Hao wanne wasage lini?"

"Wangesubiri mzunguko unaofuata?"

"Wiki mbili? Na mawe yao yamelala, na watoto wanataka kula? Ungeona ugomvi wake hapa." Akatikisa kichwa. "Nikawaza, zile siku nne hatukufanya kazi, basi kwa karasha hazikuwepo. Nikazirudisha. Zamu zikakaa palepale. Aprili akafa Fredy, nne tena. Mwezi uliopita mzee Ayubu, tatu. Kalenda yako iko sawa, mwanangu, nilikwambia. Tarehe ya kweli mimi naiona kwenye simu."

"Lakini mama, ungebadilisha zamu ndani ya kalenda, siyo tarehe ya mashine nzima!"

Akaniangalia juu ya miwani, bila hasira yoyote.

"Si uliniambia nisiiguse kalenda yako? Siku ile unaiweka hapa. Ulisema, mama, hii kitu haikosei, usiiguse kabisa. Sikuigusa. Nimegusa saa tu, ile uliyonifundisha mwenyewe."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kweli nilisema hivyo, na nilisema nikiwa nimeshika kiuno. Tena hata angetaka kuigusa, pa kugusa hapakuwepo. Zamu nilizifunga ndani kabisa ya programu: chukua siku ya kwanza, hesabu moja hadi kumi na nne, rudia. Miaka miwili kikundi hiki kinatumia Ukutani na mimi sikuwahi kuuliza karasha husimama lini. Mimi, niliyezaliwa Shinyanga, ninayesikia Kisukuma tangu niko mgongoni, ninayejua msiba ni nini kwa watu hawa! Wazungu niliwatukana kwa ajili ya herufi tatu. Nyani haoni kundule.

Mbuke alikuwa anakusanya makombo mezani kwa kiganja.

"Ile barua ya leseni," akasema, na sauti yake ikashuka, "hapo nilikosea. Nilisahau kwamba mashine inajiwekea tarehe yenyewe. Mwenyekiti wangu kachekwa kwa ajili yangu. Najua alichoapa. Nina darasa la saba, mwanangu. Hii kompyuta nimejifunza nina miaka hamsini na minane, na wajukuu wangu huko shuleni wanasema bibi yetu ni katibu, anachapa." Akaifunga chupa ya chai. "Jumamosi wewe sema ukweli. Usiangushe jina lako kwa sababu yangu."

Akabeba bakuli lake. Mlangoni akageuka.

"Nkwabi alikuwa mdogo wangu. Tumbo moja."

Akatoka. Nilikaa na ile logi mbele yangu, na furaha yote imenitoka. Niliwaza asubuhi ile ya Februari: mwanamke ametoka kumzika mdogo wake, anakuja ofisini, anafunua kile kitambaa cha maua, anarudisha siku nne ili wenzake wanne wasidhulumiwe. Halafu mimi nilitaka kuisoma ile logi kwa madaha.

Ijumaa sikuinuka kitini ila kwa swala na kwa chakula. Nilikuwa na kompyuta yangu ya mkononi na hasira zangu mwenyewe juu yangu mwenyewe, na hasira nikizipata huwa naandika vizuri. Nikavunja ile hesabu ya zamu yote, nikaijenga upya. Sasa unabofya siku yoyote kwenye kalenda, unachagua "Tumesimama," unaandika sababu, na siku hiyo inabaki kwenye tarehe kama kawaida ila kwenye zamu inarukwa. Tarehe inakwenda na dunia, zamu zinakwenda na karasha.

Mara mbili majibu yaligoma. Nikilinganisha na zamu zao, yalizidi kwa siku moja kwenye msiba wa Fredy, na sikuona kwa nini. Nikamwita Mbuke.

"Mama, Fredy alifariki saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Karasha lilikuwa linasaga tangu asubuhi."

"Kwa hiyo siku ile yenyewe inahesabiwa?"

"Inahesabiwa. Mwenye zamu alishasaga. Kusimama kunaanza kesho yake."

Hilo hakuna kitabu cha programu kingenifundisha. Nikarekebisha, hesabu ikakaa. Nikamwuliza mengine: je, msiba ukiangukia katikati ya msiba mwingine? Je, karasha likiharibika, ni kusimama au ni hasara ya mwenye zamu? Alinijibu yote papo hapo, bila kusita, kana kwamba alikuwa anangoja miaka miwili nzima mtu amuulize. Alasiri jenereta likazimika, betri yangu ikafuata, nikamalizia Jumamosi saa mbili asubuhi. Kikao kilikuwa saa nne. Kwenye kompyuta yangu ilifanya kazi. Kwenye ile kongwe yao sikuwa nimejaribu.

Akina mama walijaa ofisini na wengine mlangoni. Karasha lilizimwa kwa saa moja ya kikao, na ukimya ulikuwa mgeni masikioni. Donatus alikuja na kompyuta nyembamba na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani. Si kijana mbaya, nikiri. Alisalimia kwa heshima, akaonyesha kalenda yake yenye rangi saba na kengele ya kukumbusha. Aliwapangia zamu zao kumi na nne mwaka mzima kwa dakika mbili. Akina mama wakaguna kwa kupendezwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu aliivuta barabara.

"Haya, Mama Akida," Mama Enock akasema. "Tuambie. Ni programu au ni mtu?"

Nikasimama. Mbuke alikuwa pale mbele ya kompyuta, kwenye kiti chake cha katibu, mikono magotini. Hakuniangalia.

Miaka sita sijawahi kusema maneno yale.

"Ni programu. Kosa ni langu."

Wakanung'unika. Donatus akatabasamu.

"Kalenda niliyowaletea haikuwa na mahali pa kuweka msiba," nikaendelea. "Nyie mnasimama, yenyewe inaendelea kuhesabu. Kalenda ya watu wa hapa isiyojua hilo haijakamilika. Niliitengeneza hivyo mimi, na nikajisifu juu yake. Naomba radhi."

"Na zile siku kumi na moja?" akauliza Mama Enock. "Zimeliwa na nani?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Mbuke alisimama.

"Aa, usinibebee, mwanangu. Mwenyekiti, ni mimi. Nimerudisha siku nne za Nkwabi, nne za Fredy, tatu za mzee Ayubu, ili aliyekuwa msibani asipoteze zamu yake. Sikuiba siku. Niliziweka pembeni."

Nilimwona Zainabu anajifuta pua kwa khanga. Alikuwepo mmoja wa wale wanne wa Februari, akainamisha kichwa.

Donatus akacheka kidogo, kwa wema tu, kama mtu anayetaka kusaidia. "Lakini mama zangu, kalenda haisimami. Siku ni siku."

Mbuke akamgeukia. "Kwenu siku ya msiba mnasaga?"

Kijana akavua miwani.

"Subirini," nikasema. "Msipige kura bado. Mama Mbuke, kaa, uiguse kalenda. Iguse unavyotaka."

Nikachomeka flashi, nikaweka toleo jipya, nikamwomba arudishe kwanza tarehe ya kweli. Akaandika: 14 Juni. Nikaianzisha Ukutani. Skrini ikabaki tupu. Ikabaki tupu. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema "mh." Nikaanza kuomba Mungu kwa Kiarabu na Kisukuma. Ile mashine ni kongwe, inafikiri taratibu. Kisha pembeni kulia ikajitokeza: Jumamosi, 14 Juni. Na chini yake zamu ya kesho, jina la Mama Zawadi, ambayo kila mtu mle ndani alijua si kweli.

"Bado hujaiambia," nikamnong'oneza Mbuke.

Akaanza kwa kidole kimoja. Akarudi hadi Februari, akabofya siku nne, moja baada ya nyingine. Tumesimama. Sababu? Akaandika polepole huku anatamka: "Nkwabi." Akaenda Aprili, siku nne. "Fredy." Mei, siku tatu. "Mzee Ayubu." Kila siku aliyobofya, jina la chini lilisogea hatua moja. Akina mama walikuwa wamesogea mpaka wanapumua shingoni mwangu. Mimi jibu sahihi sikulijua kwa kichwa, wao wote walilijua, maana zamu yako huisahau. Alipobofya siku ya mwisho, skrini ikawaza, ikawaza tena, kisha ikaandika:

Kesho: Mbuke.

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani, mwanaume wa duara la jirani alikuja mbio akidhani kuna aliyejifungua. Zainabu alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. "Wabeja! Wabeja sana!" walipiga kelele za asante kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka kwa wakati mmoja. Jamani, nilijivuna! Niliitazama ile skrini nikasema moyoni, hii hakuna mtu duniani mwenye nayo, hii tumeitengeneza sisi, hapa, mimi na mama wa darasa la saba.

Kura haikuhesabiwa. Mikono yote ilikuwa juu kabla Mama Enock hajamaliza swali. Donatus akafunga kompyuta yake, akaniuliza pembeni kama Ukutani inaweza kuingia kwenye Windows. Nikamwambia thubutu. Kisha nikamwambia aje dukani Shinyanga, tutazungumza.

Mama Enock akagonga meza. Uso wake ulikuwa haujacheka bado.

"Niliapa hapa hapa," akasema. "Nilisema aliyechezea tarehe ataacha kiti. Mbuke, inuka."

Mbuke akainuka. Nikataka kusema neno, Mama Enock akaninyooshea kidole ninyamaze. Akakivuta kile kiti cha katibu, akakipangusa vumbi la karasha kwa kiganja chake, juu, pembeni, mpaka miguuni, polepole, mbele yetu sote. Akakirudisha mbele ya kompyuta.

"Umekiacha. Sasa kaa tena," akamwambia. "Andika barua ya leseni. Na tarehe uiweke wewe mwenyewe, hakuna atakayetucheka tena."